Samaki Wasiopewa Mgeni

Kazi yangu ya kwanza ya utafiti niliiharibu kwa kisu. Nawaambia mapema, nyinyi mliomaliza sekondari juzi hapa Nchelenge kando ya ziwa na kule kambini Mantapala, mnaokaa barazani mkisema utafiti ni kazi ya maprofesa wenye mvi. Mimi niliingia bila hata cheti cha shule ya msingi. Siku ya kwanza nikaharibu, siku ya pili nikarudi, na nimeendelea kurudi mpaka macho yalipokataa kusoma milimita. Sasa nimeweka chini ubao wa kupimia, na ninaona bado nina hamu ileile. Basi acheni niwasimulie.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Binti mmoja wa chuo kikuu, jina lake Chileshe, alishuka kwenye basi dogo la kutoka Mansa akiwa na begi la nguo na sanduku la bati. Alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza. Akauliza sokoni ni nani anayejua Kibemba na Kiswahili pamoja, maana nusu ya wachuuzi wa samaki walikuwa wametoka Kongo na Kibemba chao kilikuwa cha kuombea maji tu. Watu wakaninyooshea kidole mimi, kwa sababu nilikuwa nimekaa juu ya gunia la chumvi bila kazi, nikiangalia watu.

Akanituma kwa wavuvi nikamletee ndoo ya samaki ambao huku tunawaita mpale, jamii ya perege. Nikachukua. Njiani nikafikiri: huyu ni mtoto wa watu, msomi, tena mgeni. Nitampelekeaje samaki mwenye magamba na matumbo yake? Nikakaa ufukweni, nikatoa kisu, nikawaparuza wote, nikawapasua, nikawaosha wakang'aa. Nikaingia kwake nikiwa nimejaa fahari kama bwana harusi.

Aliangalia ndani ya ndoo. Kisha akaniuliza kwa upole magamba nimeyatupa wapi. Nikamwambia ziwani.

"Ba Kasongo," akasema, "mimi nimekuja kwa ajili ya magamba."

Nilidhani ananitania. Yeye akacheka mpaka akakaa juu ya sanduku lake. Alipomaliza kucheka alichukua samaki mmoja, akatafuta nyuma ya pezi la ubavuni, akapata gamba moja ambalo kisu changu kilikuwa kimelisahau. Akalisugua kwa maji, akalibana katikati ya vipande viwili vya kioo, akafungua sanduku la bati. Mle ndani mlikuwa na darubini ndogo ya kuangalia vitu vidogo. Akanivuta nikaweka jicho.

Vijana, sikuwa tayari. Gamba ambalo maisha yangu yote nilikuwa nalitema na kulikanyaga lilikuwa limejaa duara ndani ya duara, nyembamba kuliko uzi, kama gogo lililokatwa. Chileshe akanieleza kwamba mahali duara zimeachana ndipo samaki alipokula akashiba, na mahali zimebanana ndipo alipopata shida. Ukisoma vizuri unaweza kujua umri wake. Nilikuwa nimekula mpale tangu nilipoota meno, na sikujua kwamba kila mmoja wao anatembea na habari za maisha yake mwilini, wazi, mbele ya kila mtu. Nilikataa kuondoka kwenye kile kioo. Ilibidi anisukume.

Kesho yake nilifika kabla hajaamka.

Mjue kwanza mimi ni mtu wa namna gani. Nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, Kongo, upande wa Pweto. Shule niliiacha mapema, na sikuiacha kwa ujinga, niliiacha kwa sababu ya miguu na mdomo. Miguu haikutaka kukaa, na mdomo ulimuuliza mwalimu maswali mpaka akaniambia kama najua sana niende nikafundishe nyumbani. Nikaenda, lakini sikufika nyumbani. Nimepakia chumvi, nimeziba matairi ya baiskeli Kasenga, nimekanda unga wa mikate Lubumbashi, nimepika kwenye kambi ya wavuvi kisiwani Chisenga. Kila kazi niliifanya mpaka nikaielewa, halafu nikaihama. Vita ilipoanza upande ule, nilikuwa tayari upande huu, juu ya gunia la chumvi, nikitafuta kitu kingine cha kuelewa.

Na Chileshe naye mumjue. Msifikiri aliitwa. Chuoni kwao mwanafunzi wa shahada ya kwanza alikuwa anaingia darasani, anaandika, anafaulu, anakwenda zake. Utafiti ulikuwa wa wakubwa. Yeye mwaka wa pili tu aligonga mlango wa mwalimu mmoja aliyekuwa anachunguza samaki wa maziwa, wote walimwita Dokta, akamwambia anataka kusaidia. Dokta akamuuliza anajua kufanya nini. Akasema anajua kuosha chupa. Basi akaosha chupa za maabara muhula mzima, na huku anaosha anasikiliza. Muhula uliofuata akapewa kupanga magamba. Kila wiki walikuwa wanakusanyika chumba kimoja, walimu na wanafunzi, mmoja anasimama kueleza kazi yake na wengine wanamuuliza mpaka jasho linamtoka. Mwanzoni aliogopa kufungua mdomo. Siku aliyouliza swali lake la kwanza, Dokta alikuna kichwa, akamwambia: hilo ni lako, kalitafute.

Aliponisimulia habari za chumba hicho nilimwomba arudie. Kuna mahali watu wazima wanakaa kwenye viti, wanaulizana maswali, na hakuna anayefukuzwa? Nilijisikia kama mtu aliyetembea nchi nzima akitafuta nyumba, halafu anaambiwa ipo.

Swali lake lilikuwa hili: mpale wa ziwa letu wanavuliwa kabla hawajazaa? Kama wengi wanatoka majini wakiwa bado wadogo, ziwa linakula mbegu yake. Kujua hilo kulihitaji kupima samaki wengi, wa kila ukubwa, kama walivyotoka majini. Na muda ulikuwa msimu ule mmoja tu. Mvua zikianza, serikali inafunga ziwa ili samaki wazae, na hakuna nyavu tena mpaka mwaka mwingine. Dokta angefika juma la mwisho kabla ya kufungwa. Akiikubali kazi, Chileshe angepata nafasi ya kuendelea na shahada ya pili chini yake. Akiikataa, nafasi ilikuwa ya mwanafunzi mwingine. Na nyumbani kwao walikuwa wameshamtafutia kazi ya ukarani. Aliwaomba wamwachie msimu huo tu.

Kwa hiyo tulifanya kazi. Kila asubuhi mabwato, mitumbwi ya wavuvi, yalipoingia kutoka Chisenga tulikuwa ufukweni na ubao wetu. Ubao wa kupimia ni kitu rahisi sana: kipande cha mbao laini, rula imepigiliwa juu yake, na mwisho mmoja una ukuta mdogo. Pua ya samaki iguse ukuta, mdomo ufungwe, mkia ulale wenyewe bila kuvutwa. Jicho lako liwe juu kabisa ya mstari. Ukitazama kwa pembeni unamwongezea samaki urefu ambao mama yake hakumpa. Mimi nataja namba, yeye anairudia kwa sauti huku anaandika, na mpaka airudie ndipo naachia samaki. Andika kwa penseli, usiandike kwa wino. Tone moja la maji na asubuhi yako nzima imekuwa doa la buluu. Na samaki akae kivulini chini ya majani mabichi, maana jua linamkausha na akikauka anapungua.

Hayo nimewafundisha wanafunzi wengi baada ya pale, na wengi wao leo ni wakubwa maofisini. Wote walianza kwa kumshika samaki kwa vidole viwili kama wanashika soksi ya mtu.

Ufukweni tulipokelewa vizuri mno. Kapteni Kaoma, mtu wa Chisenga, mwenye bwato refu la motere na kicheko kirefu zaidi, alikuwa anatufikia wa kwanza. Mama Kalaba, mchuuzi wa kutoka ng'ambo aliyekuwa ananunua samaki wote wa Kaoma, alituandalia kigoda na beseni. Wasaidizi wake walikuwa wanashusha samaki na kuwagawa palepale mchangani: wakubwa kwenye barafu, wa katikati kwa kukaushwa, na vikapu vingine vimefunikwa kitenge kilicholoweshwa maji. Beseni letu lilijaa mpale wanene, wenye migongo mieusi inayong'aa. Tuliwapima, tuliwang'oa magamba machache, tukawarudisha kwa mwenyewe na shukrani. Niliona vile vitenge kila asubuhi. Chileshe naye aliviona. Tulijua ni vya kuzuia jua.

Siku moja mchana, kazi ikiwa imefika mbali, Chileshe alisafisha meza na kuomba nimletee kopo la maharagwe. Akachora mstari kwa chaki, upande wa kushoto samaki wadogo, wa kulia wakubwa, na tukaanza kuweka haragwe moja kwa kila samaki tuliyempima, juu ya urefu wake. Ni njia waliyofundishwa chuoni ya kuona hesabu kwa macho. Nilifurahi kama mtoto. Maharagwe yalipanda na kupanda, kilima kizuri, chote upande wa kulia. Upande wa kushoto chaki ilibaki peke yake.

Nikampongeza. Nikasema ziwa letu ni tajiri, samaki ni wakubwa watupu, Dokta atafurahi.

Yeye hakupongezeka. Alikuwa amekunja mikono akitazama ule upande mtupu.

"Hiki ni kijiji cha watu wazima tu," akasema. "Watoto wako wapi?"

Nikajaribu: labda wanakaa mahali pengine, kwenye matete. Akasema nyavu za Kaoma zinapita kwenye matete, tumeziona. Nikasema labda wanachoropoka. Akasema basi wote? Hata mmoja asinaswe kwa ubaya wa bahati? Hapo nywele zikanisisimka, maana lilikuwa swali kweli, lile la kukunyima usingizi. Tukavaa viatu tukaenda kumuuliza Mama Kalaba.

Tulimkuta anafunga mizigo ya samaki wakavu. Nikamweleza kwa Kiswahili chetu cha ng'ambo kwamba dada huyu anashangaa, hajawahi kuona mpale mdogo hata mmoja tangu aje. Mama akaacha kamba, akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi anayeimba.

"Weye Kasongo, umetembea inchi zote, na hii haujue? Mugeni anapewa samaki ya mugeni. Tutamupa mutoto ya bantu tusamaki tudogo, tuko bantu bila adabu? Tule tudogo tunafunika na kitenge mpaka anapita, njo tunafunua."

Nikamtafsiria Chileshe. Sikuhitaji kumaliza, alikuwa amegeuka na kutazama vile vitenge, vimekunjwa vizuri juu ya gogo, vimeanikwa.

Mwelewe lilivyokuwa. Hakuna aliyetudanganya. Ufuko mzima ulikuwa umetuheshimu, kila asubuhi, bila kuchoka, na heshima hiyo ndiyo iliyokuwa imekaa mezani kwetu kama kilima cha maharagwe. Mimi niliyemparuzia mgeni magamba siku ya kwanza ningepaswa kuijua harufu yake. Lakini ukiwa ndani ya adabu huioni, kama usivyosikia harufu ya nyumba yako.

Chileshe akamwendea Kaoma mwenyewe, akamwomba kwa Kibemba, kwa magoti, kama binti anavyomwomba mzee, ampe na wadogo. Kaoma akakataa kwa upole uleule. Watu wa mji mkuu watasema nini, kwamba Kaoma alimlisha binti wa watu vifaranga? Halafu akapunguza sauti akasema jambo la pili: vifaranga hao wakiandikwa, kesho si atakuja mtu wa serikali kupima matundu ya wavu wake? Chileshe akamwahidi kwamba jina la mvuvi wala la bwato haliandikwi popote. Kaoma akasema anamwamini, na akampa mpale mwingine mnene wa kumpoza moyo.

Nikashauri tununue. Chileshe akatikisa kichwa. Ukinunua mchangani unanunua kilichokwisha kuchaguliwa: fungu la wakubwa ni wakubwa, fungu la wadogo ni wadogo, na hakuna fungu linalokwambia walikuwa wangapi kwa wangapi majini. Mahali pekee ambapo samaki walikuwa bado wamechanganyika ni ndani ya bwato, kabla mikono ya wanawake haijafika. Na mgeni haingizi mkono kwenye bwato la mtu. Hilo hata mimi nisingethubutu.

Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Kongo. Siku chache zilibaki. Chileshe aliacha kula vizuri. Alianza kusema habari za ukarani, kwamba si kazi mbaya, una kiti na kivuli.

Ikawa asubuhi moja tumekaa kwa Mama Kalaba, hatuna hata nguvu ya kufungua ubao. Mama anapasua samaki. Kwa kumchangamsha tu akamuuliza kwao ni wapi, na baba yake ni mtu wa wapi, na mwisho, kama wanavyouliza watu wa huku wote, mama yake ni wa ukoo gani.

"Bena Ng'andu," Chileshe akajibu. Watu wa Mamba.

Kisu cha Mama Kalaba kikasimama. Akainuka, akashika kiuno, akamwita Kaoma aliyekuwa anachota maji kwenye bwato lake.

"Kaoma! Kuya hapa! Huyu tunamubebea heshima kila asubui, kumbe ni mamba!"

Lazima niwaeleze ninyi mliokulia mbali na koo zenu. Mama Kalaba na Kaoma wote wawili walikuwa Bena Isabi, watu wa Samaki, mmoja wa ng'ambo na mmoja wa huku, maana ziwa halikuzigawa koo. Na Mamba na Samaki ni watani tangu zamani, kwa sababu mnayoiona wenyewe. Mtani hapewi adabu. Mtani anakutukana kwenye msiba wako na unacheka. Anaingia kwako, anabeba kuku wako, na ukikasirika wewe ndiye unayeaibika.

Kaoma alikuja mbio, maji yanamdondoka. Akamzunguka Chileshe mara moja akimkagua kama kitu cha kununua.

"Kumbe wiki zote nimenenepesha mamba," akasema. "Na babu zangu wote mko nao tumboni. Mbona hata shibe huonyeshi?"

Chileshe akainua uso. Nilimwona anavyohesabu kichwani, kwa kasi, kama anavyohesabu maharagwe. Akamwambia babu zake walikuwa na miba mingi, ndiyo maana hanenepi. Ufuko ukalipuka.

Kesho yake Kaoma alimletea beseni kwa heshima zote, limefunikwa kitenge. Chileshe akafunua. Ndani: ndala moja iliyokatika, fungu la majani ya ziwa, na kaa aliye hai. Wanawake walikuwa wameshajua, walikuwa wameacha kazi zao kungoja. Walicheka mpaka wengine wakakaa mchangani. Mimi nilishika kichwa. Nikaona sasa tumetoka kwenye samaki wazuri mno tukaingia kwenye takataka, na zote mbili hazipimiki.

Chileshe hakucheka. Alichukua lile beseni, akamwaga ndala na kaa miguuni pa Kaoma, akapandisha kitenge chake magotini, akaingia majini na kupanda kwenye bwato. Akasimama katikati ya samaki wa watu. Kaoma alikuwa ameacha mdomo wazi.

"Mzee," akamwambia, "nani amewahi kumpelekea mamba chakula kwenye beseni?"

Na akageuza uso ukatazama ziwani, asione anachochota, akazamisha beseni kwenye lundo. Akachota mbele ya bwato. Akachota katikati. Akachota nyuma. Kaoma akapiga kelele za mwizi, mikono kichwani, akiwaita watu washuhudie anavyonyang'anywa mchana kweupe, na huku machozi ya kicheko yanamtoka. Hakuwa na namna. Mbele ya ufuko wote, mtani wake alikuwa amechukua, na mtani hazuiwi.

Nilimpokea lile beseni nikalitazama. Mnene mmoja. Wa katikati wachache. Na wadogo, vijana wangu, wadogo! Wa urefu wa kidole, wa urefu wa kiganja, wamejaa. Sijawahi kufurahia samaki wabaya namna ile. Nilikuwa nataja namba kwa sauti mpaka Chileshe akaniambia nipunguze, wananisikia Kilwa, ng'ambo ya ziwa.

Kuanzia siku hiyo kila asubuhi ilikuwa sherehe. Watu walikuja kutazama Mamba akiwaibia Samaki. Na mabwato mengine, kwa kuona wivu, yakaanza kudai udugu. Mmoja alikumbuka bibi yake alikuwa Mwina Isabi. Mwingine alisema ameoa huko. Ghafla ufuko mzima ulikuwa na watu wa Samaki, kila mmoja anadai kuibiwa na yeye, na Chileshe aliwaibia wote kwa haki, mbele, katikati na nyuma, uso umegeuka.

Siku hizi wanafunzi wanakuja na simu. Wanampiga samaki picha juu ya ubao na mashine inasoma urefu kabla sijavaa miwani. Ni jambo zuri, nimelipenda, nimewaomba wanionyeshe mara nyingi. Lakini simu inapima samaki uliyewekewa mbele. Kabla hamjapima chochote, iwe samaki, iwe malaria, iwe mavuno ya mihogo pale Mantapala, ulizeni kwanza: huyu anayenipa ananiona mimi ni nani?

Dokta alifika na gari la chuo, mtu mwembamba, mwenye kofia ya majani. Alimkuta Chileshe ameweka meza mbili. Juu ya moja, kile kilima cha kwanza, chote kulia. Juu ya nyingine, kilima kipya, mgongo wake uko kushoto kabisa, na mkia mwembamba tu unafika kulia. Mimi nilisimama mlangoni.

Dokta akatazama moja, akatazama nyingine. Akauliza ziwa la pili ni lipi.

"Ni ziwa hilohilo, Dokta," akasema Chileshe. "Hawa nilipewa nikiwa mgeni. Hawa niliwachukua nikiwa mtani."

Akamweleza yote, vitenge, ndala, kaa, bila kuficha kwamba wiki zake nyingi zilikuwa zimeishia kwenye meza ya kwanza. Nilitaka kumkanyaga mguu anyamaze. Dokta alisikiliza amesimama. Alipomaliza, yule mtu akavuta kiti akakaa, akavua kofia. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, kwamba amepima samaki kwenye maziwa mengi, na kila mahali alipokewa vizuri sana.

Akacheka. Akamwambia Chileshe meza ya kwanza asithubutu kuitupa, ziandikwe zote mbili, bega kwa bega, na mvua zikishika aje ofisini kwake wapange shahada ya pili. Halafu akanigeukia mimi akaniuliza kama nitakuwepo msimu ujao. Mimi, ambaye sikuwahi kumwahidi mtu msimu. Nikasema nitakuwepo. Nimekuwepo.

Basi gongeni milango, vijana. Mkiambiwa hamjui kitu, semeni mnajua kuosha chupa. Mkipewa swali, msilirudishe.

Siku ya mwisho kabla ziwa kufungwa, Mama Kalaba alituita. Alikuwa amepika. Alikuwa ameweka mpale mmoja mzima kwenye sahani kubwa, na ugali wa mihogo pembeni, na Kaoma amekaa tayari ameshanawa, analalamika kwamba anamlisha mamba kwa hiari yake. Samaki yule alikuwa mkubwa kuliko wote tuliowaona msimu mzima, mkia umetoka nje ya sahani. Chileshe alimtazama, na naapa mkono wake wenyewe ukaenda kwenye mfuko, ukatoa rula.

Mama Kalaba akampiga kofi dogo kwenye vidole.

"Hapana, mutoto yangu," akasema. "Hii haipimwe. Hii inakuliwa."